Mdundo Umfuate Mzee

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Yombo hapa Dar es Salaam. Baba yangu na wenzake watatu walijenga reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, pamoja na Wachina wakiwa vijana. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiwahoji na kuwarekodi kwa simu yangu, na sasa nina mazungumzo ya saa sita na ushee. Rafiki yangu ni prodyuza, ana studio ndogo Mbagala, anasema tuyawekee muziki itoke albamu. Ametengeneza kipande cha majaribio, nimekiambatanisha pamoja na baadhi ya rekodi za asili. Kila aliyekisikia amekisifu, ila mimi nikikisikiliza naona kama baba ameondoka, amebaki mtu mwingine mwenye sauti inayofanana na yake. Tumekosea wapi? Maswali yangu niyafute? Halafu mzee mmoja kati ya wale wanne alifariki mwezi Machi, naye ndiye mwenye kipande kizuri kuliko vyote: anahesabu kwa Kichina, kama walivyokuwa wakihesabu wakinyanyua reli. Ni sawa kuweka ngoma chini ya sauti ya marehemu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Kipande chako nimekisikiliza jana usiku mara nyingi: kwanza kwenye spika za studio, kisha kwenye simu, mwisho nikazima taa nikakisikiliza kwa hedifoni. Unachokihisi ni kweli. Baba yako hayumo. Sauti ni yake na maneno ni yake, lakini mwendo si wake. Rafiki yako ametengeneza biti kwanza, ya mapigo 92 hivi kwa dakika, halafu akayakata maneno ya mzee yaingie ndani yake. Mzee aliponyamaza pamebanwa, alipovuta neno pamefupishwa.

Usimlaumu rafiki yako. Bongo Fleva ndivyo inavyotengenezwa: biti inatangulia, msanii anaingia kwenye kibanda cha kurekodia, anaandika mistari inayokaa juu yake. Msanii anaweza kwa sababu biti anaisikia. Baba yako hakuisikia. Alikuwa barazani anaongea na bintiye. Humdai mtu aifuate ngoma ambayo haikupigwa siku aliyocheza.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena nikiwa na miaka mingi kazini. Nilikuwa na sauti ya bibi mmoja wa Gerezani aliyeuza vitumbua maisha yake yote. Alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya sentensi. Anasema, "nikaweka mafuta," kisha kimya, unasikia kabisa kwamba anayaona yale mafuta, ndipo anaendelea. Nikaweka gitaa la mwendo wa rumba, na kwa kuwa vituo vyake havikuangukia kwenye mapigo, nikavipunguza. Kazi ikatoka safi. Kabla haijarushwa hewani nikampelekea nyumbani asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akajifunga khanga yake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, huyu anayesema ni mimi, lakini mbona ana haraka? Mimi sijawahi kuwa na haraka na mafuta." Nilirudi studio usiku uleule nikavirudisha vituo vyote. Gitaa ikabidi lipigwe upya, safari hii mpigaji akiwa na hedifoni masikioni, anamsikiliza bibi, anamsubiri.

Sisi tuliojifunza kazi ya redio enzi za utepe wa kurekodia tulikuwa na bahati moja ambayo vijana wa leo hawakuipata. Utepe wetu ulikimbia sentimita 19 kwa sekunde. Ukitaka kuondoa kimya cha nusu sekunde ulikata kwa wembe kipande cha karibu sentimita 10, ukakishika mkononi. Ulikiona urefu wake. Waliotufundisha hawakuturuhusu kukitupa mpaka kipindi kiishe, kwa hiyo tulivitundika shingoni kama mikufu, na mara nyingi jioni kimoja au viwili vilirudi mahali pake kwa gundi. Kwenye kompyuta kimya kinaonekana kama mstari mtupu usio na kitu, na kidole kimoja kinakifuta. Kumbe katika mahojiano kile kimya ndipo mzee anapokwenda kulichukua jambo alikoliweka.

Basi tuchukue sentensi moja tu ya baba yako, ile ya dakika ya pili: "Tulikuwa hatulali. Pale Mlimba, hatulali." Ifungue katika rekodi ya asili, bila biti. Kiswahili chetu kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mapigo yamo tayari ndani ya maneno: tuliKUwa hatuLAli, PAle mLImba, hatuLAli. Mapigo matano. Jipige paja kwenye kila mkazo, usiangalie saa. Mawili ya kwanza yamekaribiana. Halafu pengo. PAle na mLImba yanakuja haraka haraka. Halafu pengo la pili, refu kuliko la kwanza, na "hatulali" ya mwisho inatua peke yake kama mtu anayeshusha mzigo. Lile pengo la pili ndilo usiku wenyewe wa Mlimba, mwanangu. Ndilo lililokatwa.

Sasa sikiliza sauti inapopanda na inaposhuka. Nilichukua gitaa nikamtafuta. Mzee anaanzia karibu kabisa na noti ya D, na kila akifika kwenye "hatulali" anateremkia A. Kwenye gitaa lililofungwa kawaida hizo ni nyuzi mbili zinazopakana, uzi wa nne na uzi wa tano, zikipigwa wazi. Yaani mpigaji anaweza kuisema sentensi ya baba yako bila kubana uzi hata mmoja. Na ukiona sauti ya mzee imekaa juu kidogo au chini kidogo ya noti, legeza uzi au ukaze mpaka ukutane naye. Sauti yake isiguswe na ile programu ya kunyoosha sauti. Gitaa lina funguo za kukaza na kulegeza, mzee hana.

Hapo ndipo muziki unapoanza. Mpe mpiga gitaa sentensi hiyo aihifadhi kichwani kama shairi kabla hajashika chombo. Kwanza mzee aiseme peke yake. Mara ya pili gitaa liiseme pamoja naye, chini chini. Mara ya tatu mzee anyamaze, gitaa liiseme lenyewe, pamoja na lile pengo refu. Msikilizaji atayasikia maneno hata yasipokuwepo. Ukishapata sentensi nane au kumi za namna hiyo katika saa zako sita, umepata uti wa mgongo wa albamu nzima, na mapigo ya kila wimbo yatakuwa tofauti kwa sababu wazee wanne hawaongei kwa mwendo mmoja.

Njia hii ina wenyewe waliotutangulia. Mtunzi wa Marekani Steve Reich aliitumia mwaka 1988 katika kazi inayoitwa Different Trains, iliyopigwa na kundi la Kronos Quartet: fidla mbili, viola (fidla yenye sauti nzito kidogo) na selo (kubwa na nzito zaidi), pamoja na sauti za watu zilizorekodiwa. Alipokuwa mtoto, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Reich alikuwa akisafirishwa kwa treni kati ya New York na Los Angeles kwa sababu wazazi wake walikuwa wametengana. Ukubwani akawaza kwamba yeye ni Myahudi, na kama angezaliwa Ulaya, miaka ileile angepandishwa treni nyingine kabisa. Akaenda kumrekodi yaya aliyekuwa akisafiri naye, akamrekodi mzee aliyekuwa mhudumu katika treni za Marekani, akakusanya na sauti za manusura wa mauaji ya Wayahudi. Katika kazi hiyo mwanamke akisema, viola inaifuata sauti yake. Mwanaume akisema, ni selo. Na kila sauti inapobadilika, mwendo wa muziki wote unabadilika kuifuata. Mpe rafiki yako aisikilize kwa hedifoni, atie sikio pale viola inapomshika mkono yule yaya. Ataelewa kwa dakika tano ninachohangaika kukieleza hapa.

Miaka 30 kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wamefika karibu na hapohapo kwa mlango mwingine. Mwezi Februari 1957 dereva wa treni ya mizigo, John Axon, alikufa baada ya bomba la mvuke kupasuka. Alibaki kwenye injini akijaribu kuizuia treni iliyokuwa ikiteremka bila breki. Mwimbaji Ewan MacColl na mtayarishaji wa BBC Charles Parker wakaenda na kinasa sauti kuwahoji wenzake wa reli na mjane wake. Nia ilikuwa maneno hayo yasomwe baadaye na waigizaji, kama redio ilivyofanya siku zile. Waliporudi na kuzisikiliza kanda wakaona hakuna mwigizaji atakayeyasema vile. Wakaziacha sauti zenyewe, mwanamuziki Peggy Seeger akashughulikia upande wa vyombo, MacColl akatunga nyimbo kutokana na maneno yaleyale ya watu wa reli, na kipindi kikarushwa na BBC Julai 1958. Nakutajia hiki kwa sababu ya zile nyimbo. Si kila kitu lazima kiwe sauti ya mzee na gitaa chini yake. Ukipata maneno mazito kwenye mahojiano, mahali pamoja au pawili katika albamu yaimbwe na mwimbaji, halafu mzee mwenyewe aje ayaseme.

Kuhusu maswali yako, usiyafute yote. Najua ushauri wa kawaida ni kumwondoa mhoji ili abaki mzee tu. Mimi sikubaliani nao, hasa kwa Kiswahili. Kwetu msimulizi hasimulii hewani. "Paukwa" haisimami bila "pakawa". Na mahojiano yenye mdundo tulikuwa nayo muda mrefu kabla ya studio za Mbagala: ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliikuza, ni watu wawili wanaoulizana na kujibizana kwa beti, mpaka mmoja akubali. Mtoto aliyesoma shule ya msingi nchi hii ameshaisimamia ngonjera au ameitazama. Kwa hiyo masikio ya watu wako yameshazoea sauti inayouliza na sauti inayojibu.

Kata maswali marefu, yale ya kueleza kwanza halafu ndiyo unauliza. Ila bakiza "enhee" zako. Bakiza ile "kisha?" yako ya dakika ya nne, uliyoiuliza kwa sauti ndogo baada ya baba kutaja mvua. Ukisikiliza vizuri utaona sauti yake inabadilika baada ya pale. Alikuwa anawahadithia watu, baada ya "kisha" akawa anakuhadithia wewe. Hiyo "kisha" ni kiitikio. Mpiga besi anaweza kuijengea wimbo mzima, akiitikia kwa noti moja kila mzee anaposhusha pumzi.

Sasa vyombo. Jambo la kwanza litakalomjia rafiki yako ni mdundo wa treni, chuku chuku kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkatalie kwa upole. Wazee hawa hawakuendesha treni, walitandika njia yake. Dunia yao ya sauti ni nyundo, kokoto, mataruma yakiburutwa, watu wakipeana amri kwa lugha mbili. Treni yenyewe iingie mwishoni kabisa mwa albamu, mara moja, kama ilivyoingia maishani mwao baada ya miaka ya kazi. Ujenzi ulianza 1970 na reli ya kilomita 1,860, kutoka hapa Dar hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ilikabidhiwa 1976. Nenda kairekodi wewe mwenyewe. Omba ruhusa kwenye stesheni, ile iliyo pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, usimame jukwaani, urekodi pia ukumbi ukiwa kimya, kwa sababu ukumbi ule una mwangwi wake na utauhitaji.

Jambo jingine: waulize wazee walisikiliza nini kambini. Miaka ile redio ilikuwa ni Radio Tanzania Dar es Salaam, na muziki wa dansi ulikuwa umeshamiri. Bendi ya NUTA Jazz ilikuwepo, mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alikuwa na bendi ya Morogoro Jazz mpaka 1973 alipoondoka na kuunda Super Volcano. Sisemi utumie nyimbo zao, zina wenyewe. Nasema mtafute mpiga gitaa anayeijua namna ile ya magitaa mawili kusemezana, moja likiuliza, la pili likijibu kabla la kwanza halijamaliza. Rekodi za zama zile zilipigwa bendi nzima kwa pamoja, ndiyo maana unasikia watu wanasikilizana. Rafiki yako akiweka kila chombo peke yake kwenye kompyuta, na mzee naye alirekodiwa peke yake, mtapata watu watano ambao hawajawahi kukutana. Angalau gitaa na besi vipigwe pamoja, chumba kimoja, sauti ya baba yako ikiwa masikioni mwa wote wawili.

Na ngoma? Ngoma iwe ya mwisho kuamuliwa. Vipande vingi vitaikataa. Katika hicho kipande cha majaribio, ukiondoa ngoma ukabakiza kile kinanda chake cha nyuma, tayari baba anaanza kurudi. Jaribuni leo.

Nije kwenye rekodi zenyewe, maana nimesikia vitu viwili vitatu. Mafaili uliyonitumia yamepita WhatsApp, nimeyajua kwa jinsi herufi za "s" zilivyochakaa. Yatoe mazungumzo yote kwenye simu kwa waya, uyaweke sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyumba nyingine kabisa kwa mtu unayemwamini. Leo, kabla ya lolote. Simu ikiibiwa kwenye daladala, yule marehemu atakuwa amekufa mara ya pili. Kisha andika kila neno kwenye karatasi, pamoja na "eeh" na kikohozi, maana bila maandishi saa sita hazishikiki.

Feni ya sebuleni inaweza kupunguzwa na programu, kidogo tu, ikizidi sauti ya mzee inakuwa kama imetoka ndani ya ndoo. Kunguru waacheni. Dar bila kunguru nani ataiamini? Lakini kuna mahali adhana inasikika nyuma ya mmoja wa wazee, naye ananyamaza kuisubiri iishe. Pale pasiwekwe chombo chochote. Ama mpaache kama palivyo, mzee akingoja na msikilizaji akingoja naye, ama mpakate pote. Kupiga gitaa juu ya adhana kutawaumiza watu wengi, na hakutamheshimu mzee aliyenyamaza.

Mkirudi kuwahoji tena, zimeni feni na friji, wekeni simu juu ya kitambaa kilichokunjwa badala ya meza tupu, umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige.

Kwenye kuchanganya sauti sina mengi, rafiki yako anajua kazi. Mzee akae katikati, vyombo vikae pembeni kulia na kushoto. Maneno yanaeleweka zaidi kwenye sauti za juu juu, eneo la hezi 2,000 hadi 4,000, kwa hiyo gitaa lipunguzwe hapo kila mzee anapoongea, badala ya kumpandisha mzee mpaka apige kelele. Chini ya hezi 80, kwenye sauti nzito kabisa, hakuna cha mzee, ni mngurumo wa barabara tu, ondoeni. Muziki ukiwa chini ya sauti yake kwa desibeli 12 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha tokeni studio. Sikilizeni kwenye simu ya kawaida ndani ya bajaji inayotembea, maana huko ndiko albamu yenu itakakosikilizwa. Neno likipotea kwenye bajaji, limepotea.

Kuhusu haki, usiogope lakini usilichukulie kwa wepesi. Wazee walikubali kuongea na wewe, hawakukubali kuwa albamu. Ni mambo mawili. Rudi kwa kila mmoja, mchezeshee kipande chake kilichokamilika, mweleze kwamba kitakuwa kwenye intaneti na mtu wa Tunduma au wa London atakisikia, kisha aseme ndiyo kwa sauti, urekodi, na aweke sahihi au dole gumba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ridhaa iliyoandikwa inakulinda wewe na inamlinda mzee. Mkubaliane pia fedha itagawanywaje ikipatikana, hata kama mnaona haitapatikana. Mahali ambapo mzee anamtaja kwa jina msimamizi aliyewapunja posho, ondoa jina. Huyo mtu ana watoto na wajukuu mjini humu. Na nimesikia mzee mmoja akiimba kidogo wimbo wa bendi ya zamani: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo ule mstari uombewe ruhusa au ukatwe. Albamu ikikamilika, isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na waulizeni Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) wanachohitaji.

Nimeliacha swali lako la marehemu mwisho kwa sababu ndilo lililonikalisha usiku.

Kile kipande nimekisikiliza peke yake. Sekunde 19. Anasema, "yi, er, san," na baada ya "san" inatoka pumzi fupi, nzito, pale uzito wa chuma ulipokuwa. Anarudia mara nne. Miaka zaidi ya hamsini imepita, yumo kitini anakunywa chai, na mwili wake bado unanyanyua reli. Kikombe kinasikika kikigusa kisosi baada ya mara ya pili, yeye haachi.

Uliza kwanza familia, kabla rafiki yako hajafungua kompyuta. Usiende na simu mkononi. Kama arobaini ilishapita, nenda kama mtoto anayetembelea wafiwa, kaa, uwachezeshee zile sekunde 19 kama alivyozisema, bila kitu chini yake. Huenda hawajawahi kuzisikia. Wapo Waislamu, na wapo Wakristo, ambao hawataki sauti ya marehemu wao ichanganywe na ala za muziki, na hawadaiwi sababu. Wakikataa kabisa, kipande hakitoki. Waachie nakala, ni yao. Wakisema itoke bila muziki, usihuzunike, kwa sababu nami nilikuwa nimeshafika hapohapo.

Kipande hicho hakihitaji ngoma. Ile pumzi ndiyo ngoma, na chochote mtakachokipiga juu yake kitaificha. Kinachokosekana pale ni watu. Mtu mmoja hahesabu "yi, er, san" peke yake, anahesabu kwa ajili ya wenzake walioshika chuma upande wa pili. Wenzake watatu wapo, na mmoja wao ni baba yako.

Kwa hiyo, familia ikiridhia, waite wote watatu nyumbani kwenu asubuhi moja ya Jumapili, kabla bajaji hazijachangamka. Wape chai. Mvishe kila mmoja hedifoni, ili sauti ya marehemu isiingie kwenye kinasa, simu moja katikati yao. Wachezeshee wamsikie. Usiwaambie waitikie wapi, wala usiwahesabie. Mara ya kwanza pengine watanyamaza tu, na mmoja atataka kutoka nje, mwache atoke. Rudia baadaye. Acha kinasa kikimbie muda wote, na wewe usiseme kitu.

Utakachokipata nitumie. Si kwa WhatsApp.